Injini Mpya au Injini ya Mtumba

Maneno ya Kamati ya Usafirishaji mbele ya mkutano wa wajumbe



Katika sherehe kama hii ada ni kueleza mafanikio, na wenzetu waliotangulia kusema wamekwisha kuyaeleza vizuri, nasi hatutayarudia. Sisi wa Kamati ya Usafirishaji tumepewa jambo lisilo na ngoma wala maua. Tumeagizwa tuwaeleze wanachama habari za injini ya lori letu la kwanza, lile Fuso ambalo madereva hulipa jina la Mzee, na tuseme lililo jema ni lipi: kununua injini mpya kabisa, ama kununua injini iliyokwisha kutumika kwa mtu mwingine. Neno hili limesemwa sana sokoni na vilabuni, na mahali pengine limesemwa kwa ukali. Wapo waliosema kwamba kwa chama kikuu chenye umri wa miaka 10 ni aibu kuvaa mtumba. Wapo pia waliosema kwamba kamati hupenda mtumba kwa sababu mtumba hauna bei iliyoandikwa, na pasipo na bei iliyoandikwa ndipo mikono ya watu hupita. Maneno yote mawili tumeyasikia, wala hatukuyadharau. Tutayajibu, ila kwanza yatupasa tueleze ugonjwa wenyewe.

Lori hili kazi yake mwaijua. Huchukua kahawa ya maganda kutoka maghala ya vyama vya msingi na kuifikisha kiwandani Bukoba kukobolewa. Barabara ya lami itokayo Muleba kupita Muhutwe na Kemondo haina shida kwa gari lenye afya. Lakini kahawa haikui kando ya lami peke yake. Iko Nshamba, iko Rubya, iko juu Kamachumu, na huko barabara hupanda na kushuka, na wakati wa mvua huteleza. Mtu atakaye kujua hali ya injini asiipime penye tambarare karibu na ziwa. Aipime katika mwinuko wa kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, tena ikiwa na shehena. Hapo ndipo Mzee alipoanza kutuonyesha ugonjwa wake.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama ile ya petroli. Huvuta hewa, huibana ndani ya silinda mpaka ipate joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa katika joto hilo, ikawaka yenyewe. Basi nguvu yote ya injini ya namna hii imo katika kule kubana. Ringi za pistoni zikilika na kuta za silinda zikichakaa, hewa hupenya pembeni na joto halitoshi. Asubuhi ya baridi injini hukataa kuamka, na dereva hujifunza kulilaza lori mteremkoni kila jioni ili asubuhi aliachie lishuke. Tena, njia ile ile ambayo hewa hushukia ndiyo ambayo oili hupandia, ikaungua pamoja na dizeli. Huo ndio moshi wa buluu ambao wanachama wa Kamachumu wameutazama tangu katikati ya msimu uliopita. Mwishoni mwa msimu dereva alikuwa akiongeza lita 2 za oili katika kila safari, na dizeli nayo ikaliwa zaidi kuliko zamani, ijapokuwa mwendo ulipungua.

Mwanachama mwenye busara atauliza: kwa nini msiitengeneze injini hii hii? Swali hili ni la haki, nasi tulilitanguliza kabla ya yote, kwa maana injini ambayo umeifuga mwenyewe unaijua tabia yake. Kubadili ringi, pistoni, slivu na beringi ni kazi ambayo mafundi wetu wa Bukoba huifanya vizuri, na gharama yake si kubwa. Lakini injini hii imekwisha kufunguliwa mara mbili, na mara zote mbili krenki yake ilichongwa. Krenki inapochongwa hupungua unene, ikahitaji beringi nene zaidi. Na beringi hizo hutolewa kwa vipimo vinavyopishana robo ya milimita, mpaka kifike kipimo cha mwisho ambacho baada yake hakuna kingine. Hilo peke yake lingeweza kuvumiliwa. Kilichotukata tamaa ni ufa alioukuta fundi katika bloku, baina ya silinda ya tatu na ya nne, alipoinua silinda hedi. Ufa wa namna hiyo wapo wanaouziba. Tuliwauliza mafundi wawili, kila mmoja peke yake bila ya mwenzake kujua, na wote wawili walisema wataweza kuuziba, ila hakuna aliyekubali kutia sahihi kwamba utadumu msimu mmoja. Fundi asiyekubali kuidhamini kazi yake mwenyewe amekwisha kukujibu.

Hivyo injini nyingine ni lazima. Lakini kabla ya kuuliza ni ipi, tuliona lipo swali lililo mbele yake, nalo ni la mwili wa lori. Mfano wa jambo hili tunao machoni petu, gatini Bukoba na Kemondo. Meli ya Victoria iliundwa Uskochi katika kiwanda cha Yarrow, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Mwaka 2014 ilisimama, na kwa miaka 6 watu wa Bukoba wakaitazama gati pasipo meli hiyo. Iliporudi mwaka 2020, baada ya matengenezo makubwa, ilikuwa imefungwa injini mpya. Liemba ya Ziwa Tanganyika ni ya kale zaidi: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Injini zake za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli, nazo za dizeli zikabadilishwa mwaka 1993. Mwili mmoja ulizizika injini za namna mbili, nao ukaendelea kuelea. Waliofanya kazi hizo waliutazama mwili kwanza, wakauona unastahili.

Tumekwisha kuambiwa: ikiwa Victoria ilipewa injini mpya, kwa nini Mzee apewe mtumba? Twajibu kwamba mambo haya mawili hayafanani. Mwili wa meli ile bado una miaka mingi. Tena meli huchukua watu 1,200 juu ya maji, na sisi wa upande huu wa ziwa, tuliozika jamaa zetu waliokufa katika MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, hatuhitaji mtu wa kutueleza thamani ya chombo cha kuaminika, ijapokuwa ajali ile haikuletwa na injini. Lori likizimika njiani hukaa kando ya barabara. Hasara yake ni ya muda na ya fedha. Zilizoshika roho za watu katika lori ni breki na usukani, na kwa vitu hivyo kamati hii hainunui mtumba hata siku moja, wala haitaki kuombwa.

Basi tulilipeleka lori likatazamwa mwili. Shasi imeungwa mahali pamoja karibu na springi za nyuma, na maungo yake yameshika vizuri. Giaboksi na difu ni nzima. Sakafu ya kibanda cha dereva imeliwa na kutu, jambo ambalo mchomeaji atalimaliza kwa siku mbili. Mafundi walisema kwamba kwa kazi yetu na barabara zetu, Mzee atafanya kazi misimu 6, na baada ya hapo itakuwa ni kumlazimisha. Tunaomba neno hilo la misimu 6 mlishike, kwa kuwa hesabu yote inayofuata imesimama juu yake.

Tuiite bei ya injini mpya kutoka kwa mtengenezaji mafungu 10. Kwa bei tulizoonyeshwa, injini ya mtumba ya aina ile ile ni mafungu 4, zaidi au pungufu kidogo. Kuishusha ya zamani na kupandisha nyingine, pamoja na oili, chujio, mipira ya maji na sahani ya klachi, ni fungu 1, iwe mpya iwe mtumba. Basi mpya itatugharimu mafungu 11, na mtumba mafungu 5. Injini mpya iliyotunzwa yaweza kudumu misimu 10, na mtu akiyagawa 11 kwa 10 hupata fungu 1 na sehemu kidogo kwa kila msimu. Akaona ni rahisi. Lakini lori halina misimu 10. Lina 6. Ukiyagawa 11 kwa 6, kila msimu hupata karibu mafungu 1.8. Mtumba ukidumu misimu 3 tu, gharama yake ni mafungu 1.7 kwa msimu, nao umekwisha kulingana na mpya. Ukidumu yote 6, ni mafungu 0.8, chini ya nusu. Ukifa baada ya misimu 2, ni mafungu 2.5, nasi tumekula hasara.

Mjumbe mmoja wa Muleba, ambaye ni hodari wa hesabu kuliko sisi, alitukatiza hapo akasema kwamba lori likifa, injini mpya haifi pamoja nalo. Yaweza kutolewa na kuuzwa. Ni kweli. Lakini siku hiyo itauzwa kwa bei gani? Itauzwa kwa bei ya mtumba. Tukisema iuzwe kwa mafungu 3, gharama ya mpya hushuka mpaka 1.3 kwa msimu, na mtumba nao utapaswa kudumu karibu misimu 4 ndipo ulingane nayo. Hesabu hiyo tumeikubali, na ndiyo tunayoitumia. Kwa hiyo jambo lote linarudi katika swali moja: je, twaweza kujua, kabla ya kutoa fedha za wanachama, kwamba injini ya mtumba tuliyoonyeshwa itafika misimu 4? Kama hatuwezi kujua, tununue mpya au tusinunue kabisa.

Ili kulijibu, yafaa tujue injini hizi hutoka wapi. Nyingi hutoka Japani. Kule magari hupitishwa katika ukaguzi wa lazima wenye gharama, na mwenye gari huona afadhali aliuze kuliko kuendelea kulilipia. Kwa hiyo magari mengi huvunjwa au kuuzwa nje injini zao zikiwa bado na nguvu. Hiyo ndiyo sababu biashara hii si ya takataka, kama wengine wasemavyo. Injini hutolewa, hupakiwa katika makontena, nyingine hupitia Dubai na Sharjah, na mwisho hufika katika maduka ya Gerezani na Kariakoo mjini Dar es Salaam, Mwanza, na Kisekka mjini Kampala. Lakini injini ikishatolewa katika gari lake, saa ya kilomita hubaki nyuma. Muuzaji akikuambia imetembea kilomita elfu themanini, amekuambia jambo ambalo yeye mwenyewe hana njia ya kulijua. Nyingine zilitolewa katika magari yaliyopata ajali, nyingine katika magari yaliyozama katika mafuriko. Nyingine zilikuwa nzima zilipotoka kwao, lakini zikakaa uani miezi mingi bila kuzibwa midomo, mvua ikaingia ndani ya silinda, na ringi zikashikana kwa kutu.

Na neno "mpya" nalo lahitaji kuulizwa vivyo hivyo. Tulipozunguka madukani tulionyeshwa vitu vitatu vilivyoitwa kwa jina hilo moja. Kipo kilichotoka kwa mtengenezaji mwenyewe, nacho kwa aina ya lori letu ni cha kuagiza na kungoja. Kipo kilichoigwa na kiwanda kingine, chenye sura ile ile na bei ya chini sana. Na kipo cha zamani kilichofunguliwa, kikatiwa ringi na beringi, kikapakwa rangi ya fedha inayong'aa. Hiki cha tatu si lazima kiwe kibaya. Huenda kikawa bora kuliko mtumba usioguswa, ikiwa aliyekifungua ni fundi wa kweli. Ila kukinunua kwa bei ya cha kwanza ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa juu ya kupima. Tumekubaliana na mafundi wetu kwamba injini yoyote tutakayoonyeshwa itapimwa kwa utaratibu ufuatao, na muuzaji atakayekataa sehemu moja tu tutamshukuru na kwenda zetu. Kwanza, iwe ya aina ile ile ya injini iliyomo, hata kwa herufi na tarakimu, yenye pampu ya dizeli ya kawaida isiyotawaliwa na kompyuta. Injini za siku hizi zenye kompyuta ni nzuri mahali pake, lakini ukiitia moja katika lori la zamani huna budi kuleta na kompyuta yake na waya zake zote, na siku ikigoma Rubya hakuna wa kuisemesha. Pili, ikutwe baridi. Mfanyabiashara mjanja huiwasha nusu saa kabla hujafika, kwa maana injini iliyochoka huwa na adabu ikiwa ya moto. Fundi ataweka mkono wake juu ya bloku kabla ya neno lolote. Akiikuta ina joto, tutakunywa chai na kungoja ipoe. Tatu, kifuniko cha oili kifunguliwe: oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yamekwisha kuingia ndani, na mazungumzo yameishia hapo. Nne, silinda zote 6 zipimwe mgandamizo kwa geji, moja baada ya moja. Hapa mafundi walitufundisha jambo ambalo hatukulijua: kipimo kikubwa katika silinda moja hakisaidii kitu ikiwa jirani yake yuko chini, kinachotafutwa ni usawa wa zote. Kisha karta ishushwe, beringi za krenki zitazamwe kwa macho, na chini ya karta itafutwe chenga za chuma. Mwisho, injini iwashwe na kuachwa ingurume saa nzima, na mtu asimame karibu na bomba lake la kupumulia. Moshi ukitoka kwa nguvu mahali pale, ringi zimekwisha, hata kama sauti ni tamu.

Vipimo hivi havimfanyi mtu kuwa nabii. Injini yaweza kuvipita vyote na bado ikafa mwaka wa pili. Lakini mafundi hawa, waliofunga injini za mtumba katika malori mengi ya mkoa huu, walituambia kwamba zile wanazozikumbuka kufa mapema karibu zote zilinunuliwa kwa kusikiliza sauti tu, zikapakiwa siku hiyo hiyo kwa kuwa lori lilikuwa likingojwa. Haraka ndiyo iliyozinunua. Kwa sababu hiyo twaamini kwamba mtumba uliopimwa kwa subira una haki ya kutegemewa misimu 4, na kamati yapendekeza kwenu kwamba Mzee afungwe injini ya mtumba.

Hatusemi hivyo kwa magari yote. Lori letu la pili ni jipya zaidi, mwili wake una miaka mingi mbele, na kama injini yake ndiyo ingekufa leo tungesimama hapa hapa kuwaombeni fedha za injini mpya, na hesabu ile ile ingetuunga mkono.

Turudi kwa wale waliosema ni aibu. Wazee wetu, heshima ya chama twaijali kama mnavyoijali. Lakini lori lenyewe lilipokuja kwetu lilikuwa limekwisha kutumika Japani miaka mingi, nasi tulilipokea kwa vigelegele, na Baba Askofu alilibariki. Kahawa ikifika kiwandani haiulizwi ilivutwa na injini ya nani. Huulizwa kama imekauka, kama ni safi, na kama uzito wake ni wa kweli. Tena fedha za kununua mpya hatunazo mkononi; ingetupasa kukopa, na mkopo ungetuingiza karibu na ukomo wa madeni ambao mkutano mkuu wenyewe uliuweka, na riba yake ingelipwa na nani? Ingetoka katika malipo ya pili ya mkulima. Mtumba twaweza kuununua kwa akiba ya uchakavu tuliyoiweka tangu mwaka wa tatu wa chama, bila kugusa senti ya kahawa ya mtu.

Na wale waliosema juu ya mikono, hao twawajibu kwa uangalifu zaidi, kwa maana wamesema jambo la kweli: mtumba kweli hauna bei iliyoandikwa. Injini mbili zinazofanana katika duka moja huweza kupishana bei kwa robo nzima, na mnunuzi wa chama akiwa peke yake hapo, hakuna awezaye kujua alikubaliana nini na muuzaji. Kwa hiyo twaomba asiende peke yake. Waende watu watatu: mmoja wa kamati hii, mmoja mjumbe wa vyama vya Bukoba, na mmoja wa vyama vya Muleba, nao hao wawili wachaguliwe hapa kwa kura, wasiteuliwe na ofisi. Fundi atakayepima asiwe yule aliyeleta habari za muuzaji. Bei ziandikwe kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu, na karatasi hizo zibandikwe ukutani katika ghala la kila chama cha msingi kabla fedha hazijatoka, ili mwanachama aliye na ndugu Mwanza au Dar es Salaam aweze kuuliza mwenyewe. Malipo yapite benki, na risiti iwe ya mashine. Mkaguzi wa COASCO akija atakuta kila kitu, lakini hatupendi kumngoja mkaguzi. Yeye huja fedha zikiwa zimekwisha kwenda.

Mahali pa kununua, kamati yapenda Mwanza. Kampala ni karibu, kiasi cha kilomita 300 kwa njia ya Mutukula, na Kisekka ina mali nyingi na bei nzuri. Lakini bei ile haijatiwa ushuru wa forodha wala karatasi zake. Na injini ikigoma wiki ya pili, kuirudisha kwa muuzaji aliye ng'ambo ya mpaka ni safari ambayo hatuitaki. Mwanza muuzaji twaweza kumfuata kwa meli, na mkataba tutakaouandika naye utasomwa na mahakama zetu. Katika mkataba huo twataka robo ya bei ibaki mkononi mwetu siku 30, lori likifanya kazi na shehena. Wauzaji wengine walicheka tulipowatajia sharti hilo. Wawili hawakucheka, na hao ndio tutakaowaendea kwanza.

Liko jambo moja dogo ambalo wengi hulisahau. Kadi ya gari ina nambari ya shasi na nambari ya injini. Injini ikibadilika, Mamlaka ya Mapato yapaswa kuarifiwa na kadi kurekebishwa, na kwa hiyo hati za injini, zinazoonyesha iliingiaje nchini, ni lazima zije pamoja nayo. Injini isiyo na hati hatutaitazama hata ikiwa ya bure, maana siku lori litakaposimamishwa barabarani, shehena itakayokaa juani ni kahawa yenu.

Juu ya wakati: kahawa yetu huanza kuchumwa Mei, na kuanzia Juni maghala hayangoji. Twataka injini iwe imefungwa kabla ya mwisho wa Machi, ili Aprili, mvua ikinyesha, Mzee apande Kamachumu na nusu ya shehena, kisha oili imwagwe na kutiwa nyingine, na kila nati ikazwe tena. Lakini kwa kuwa tumesema haraka ndiyo mnunuzi mbaya, twaomba mkutano huu utuwekee mpaka. Ikiwa kufikia tarehe 30 Aprili hatujapata injini iliyovipita vipimo vyote, tusinunue. Tukodi malori kwa msimu huo, ijapokuwa kukodi ni ghali na wenye malori hujua kwamba hatuna budi, na tuendelee kutafuta baada ya msimu. Tunajua wajumbe wa Nshamba hawatalifurahia neno hili, maana wao ndio waliokaa na magunia ghalani kwa wiki mbili msimu uliopita. Tunawaomba wapige kura juu yake wakiwa wanajua hivyo.

Inabaki injini ya zamani. Tayari wamekuja watu wawili kuiulizia, mmoja akitaka kuinunua kwa uzito wa chuma. Kamati yaomba isiuzwe. Bloku ina ufa, lakini silinda hedi ni nzima, pampu ya dizeli ilitengenezwa miaka miwili iliyopita, na dainamo, stata na pampu ya maji zote zitafaa katika injini itakayokuja, kwa kuwa ni ya aina moja. Tutaivunja, kila kipande kiandikwe katika daftari la ghala la Muleba, na daftari hilo liletwe katika mkutano mkuu ujao pamoja na hesabu ya ununuzi.